Sauti Yenye Kivuli: Jinsi Koo Linavyoipa Sauti Uzito

*Hotuba ya mwalimu wa kwaya katika semina ya waimbaji, Lodwar, siku ya mkesha wa Jubilei ya Miaka 25*

Baba Paroko, masista, makatekista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wanakwaya wenzangu wa Lodwar, na ndugu zetu mliofika jana kwa basi kutoka Kakuma na vumbi la njiani bado liko kwenye mabegi:

Nimepewa nusu saa, na kina mama wa jikoni wameniambia kwamba chakula hakitamngoja msemaji. Kwa hiyo nitasema jambo moja tu, lile ambalo limetusumbua tangu tuanze mazoezi ya Misa ya kesho. Mmenisikia mara ngapi nikipiga makofi, nikisimamisha wimbo na kusema, "Besi, nataka sauti nzito! Alto, sauti bado haijaiva!" Nimesema hivyo miaka mingi, lakini sikuwahi kuwaeleza mwimbaji afanye nini mwilini mwake ili sauti iive. Nilikuwa kama mtu anayeagiza ugali bila kumwonyesha mpishi unga uko wapi. Leo nataka kuwaonyesha unga. Na kabla sijaketi, nina deni la kuwalipa kina mama wa Kakuma. Nitalifikia.

Kwanza tuondoe mchanganyiko mmoja. Kiswahili chetu hutumia neno "nzito" kwa mambo mawili. Noti ya chini tunaiita nzito, na sauti nene iliyojaa tunaiita nzito pia. Lakini hayo si mambo sawa. Mtu yule yule anaweza kuimba noti ile ile kwa namna mbili. Ya kwanza itoke kali, kama kijana wa stendi anayeita abiria wa Kitale. Ya pili itoke pana na tulivu, kama nyanya anayembembeleza mjukuu. Noti haikupanda wala haikushuka. Kilichobadilika ni rangi yake.

Hiyo rangi ya pili mimi naiita sauti yenye kivuli. Sisi wa Turkana hatuhitaji kufundishwa thamani ya kivuli. Saa saba mchana hapa Lodwar hakuna anayeuliza kwa nini wazee wamekaa chini ya mti. Lakini kumbukeni, kivuli hakipo bila jua. Mahali ambapo jua halifiki kabisa hapana kivuli, pana giza tu. Walimu wa uimbaji wa Italia wanadai jambo hilo tangu zamani: sauti moja ibebe mwangaza na kivuli kwa pamoja. Shikeni hilo, tutalirudia.

Sasa, kivuli hicho kinatoka wapi?

Gusa shingo yako taratibu kwa vidole viwili. Meza mate. Lile fundo lililopanda likashuka ndilo kikoromeo. Ndani yake kuna nyuzi za sauti, ndogo kuliko mnavyodhani. Zenyewe hutoa mlio kama wa nyuki, hauna uzuri wowote. Mlio huo hupita kooni, kisha kinywani, hadi midomoni, na ni njia hiyo inayoupa rangi. Kwa mwanamume mzima njia hiyo ina urefu wa kama sentimita 17. Kwa mwanamke ni fupi kidogo, na kwa mtoto ni fupi zaidi.

Njia hiyo ni kama paipu. Nendeni pale tunapojenga choo kipya, mchukue vipande viwili vya paipu ya plastiki, kimoja kirefu na kingine kifupi. Pigeni tundu la kila kimoja kwa soli ya akala. Kirefu kitalia chini kuliko kifupi, ijapokuwa mkono ni ule ule na akala ni ile ile. Hewa iliyo ndani ya paipu ndefu huitikia milio ya chini. Basi mwimbaji anayetaka kuitia sauti yake kivuli ana kazi moja tu, kurefusha na kupanua paipu yake. Kuna sehemu nne anazoweza kufanya hivyo.

Ya kwanza ni kikoromeo chenyewe. Kikishuka kidogo, paipu inarefuka kwa chini. Huna haja ya kukisukuma. Anza kupiga miayo, halafu usiimalize. Vidole vyako vitahisi kikoromeo kimeteremka chenyewe. Pale mwayo unapoanzia ndipo tunapotaka kuimbia. Mwayo wenyewe mwachieni anayesikiliza mahubiri marefu.

Ya pili ni kaakaa laini, ile nyama iliyo nyuma ya kinywa juu, karibu na kimio. Vuta hewa kimya kimya kama mtu aliyeona jambo la kushangaza. Utahisi baridi nyuma na paa limeinuka. Chumba kimepata dari la juu, na mlango wa puani umefungwa. Sauti inayopitia puani hupoteza nguvu nyingi.

Ya tatu ni midomo. Shika irabu "i", halafu usogeze midomo mbele polepole kama unayetaka kupuliza moto wa makaa. Sikia rangi inavyobadilika. Midomo ikienda mbele, paipu inarefuka. Ukitabasamu, inafupika. Ndiyo sababu nawaambia soprano wasitabasamu katika nyimbo za Kwaresima. Sitaki wakasirike, ni kwamba tabasamu linakata paipu.

Ya nne ndiyo ngumu kuona, nayo ndiyo iliyonileta hapa. Ni shina la ulimi, ile sehemu ya nyuma kabisa inayoshuka kooni. Shina likisogea mbele, koo linapanuka nyuma yake. Likirudi nyuma na kukandamiza, koo linabanwa. Nani anaweza kuona shina la ulimi wake?

Aliyetufungulia njia ya kuona humo ndani alikuwa mwimbaji. Mwaka 1837 huko Paris, Gilbert Duprez aliwashangaza watu kwa kuimba noti ya juu sana ya teno kwa sauti nene ya kifua, wakati wenzake waliizoea kwa sauti nyembamba. Wataalamu wakaanza kubishana: amefanyaje? Mwaka 1840 mwalimu wa uimbaji Manuel García alipeleka maelezo yake kwa wanasayansi wa Ufaransa, akitenga rangi mbili za sauti, ya mwangaza na ya kiza, na kueleza jinsi kikoromeo na kaakaa vinavyobadilika. Mwaka 1854 akachukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakiingiza nyuma ya kinywa chake, na kwa kioo kingine cha mkononi akaelekeza mwanga wa jua humo ndani. Akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi. Madaktari wa koo wa leo wamejengea juu ya kioo kile. Angalieni alichohitaji: vioo viwili na jua. Jua sisi tunalo kumshinda.

Nilipoyasoma hayo nilifurahi sana, nikadhani elimu ya sauti yenye kivuli imetoka Ulaya nami nimeileta Lodwar. Ndugu zangu, nilikuwa nimekalia kisima huku nikiomba maji.

Sikilizeni vizuri, hasa ninyi vijana Waturkana. Tunapoandika Kiturkana tunatumia irabu tano, a, e, i, o, u, kama katika Kiswahili. Lakini vinywa vyetu havitamki tano. Gerrit Dimmendaal, aliyechapisha kitabu kuhusu lugha ya Kiturkana mwaka 1983, aliandika kwamba Kiturkana kina irabu tisa. Kuna "i" mbili, "e" mbili, "o" mbili na "u" mbili. Zinatofautianaje? Kwa jambo lile lile la nne nililowatajia: shina la ulimi. Katika moja shina linasogea mbele na koo linapanuka. Katika nyingine halisogei. Tena irabu za neno moja hupatana, zikafuata upande mmoja, kama waimbaji wa sauti moja. Wajaluo nao wanazo irabu za namna hiyo. Mtoto wa Kiturkana huanza kufanya hivyo kabla hajaota meno yote, na maana ya neno hutegemea tofauti hiyo.

Sasa twende Kakuma. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, na waliofika mwanzo wengi walikuwa vijana kutoka Sudan ya Kusini, Wadinka kwa wingi. Kidinka nacho kina irabu za aina mbili: zile za kawaida, na zile zinazotoka na pumzi. Mkifungua kitabu chao cha nyimbo mtaona nukta mbili juu ya irabu nyingi. Hizo nukta si pambo. Zinamwambia msomaji, hapa legeza koo. Mwaka 2006 wataalamu Jerold Edmondson na John Esling walichapisha uchunguzi ambamo walitazama koo za watu kwa kamera ndogo, na Kidinka cha Bor kilikuwa miongoni mwa lugha walizochunguza. Walieleza aina moja ya sauti ya Wabor iliyo kama ya chumba kitupu, ambayo kikoromeo hushuka na koo hupanuka. Rudini kwenye paipu zetu. Kikoromeo kushuka, koo kupanuka. Ni jambo lile ambalo García alilieleza Paris, na mama wa Bor analifanya akimwita mtoto aje kula.

Hapa ndipo deni langu lilipo.

Miaka kadhaa iliyopita tuliungana na wenzetu wa Kakuma kwa ajili ya Misa moja kubwa. Tulifanya mazoezi siku tatu. Mimi nilikuwa na sikio la kitabu. Niliposikia sauti ya pili, kina mama wa Kidinka, sikusikia kivuli. Nilisikia "kilugha". Nikasimamisha wimbo mbele ya watu wote, nikasema, "Kina mama, imbeni safi. Msiimbe kikwenu." Nikawafundisha watabasamu, wanyooshe midomo, wapandishe sauti usoni. Walitii. Sauti ya pili ikawa nyembamba kama uzi, na Jumapili ile nikalalamika kwamba alto hawana uzito! Niliwanyang'anya uzito kwa mkono wangu, kisha nikawauliza umeenda wapi.

Mama mmoja aliniambia baada ya mazoezi, bila hasira, "Mwalimu, sauti hii ndiyo niliyotoka nayo kwetu. Vitu vingine viliachwa." Sikumjibu. Nilidhani hajaelewa muziki. Hakurudi kwenye mazoezi yaliyofuata, na baadaye alihamia Australia pamoja na watoto wake. Kwa hiyo siwezi kumwomba msamaha uso kwa uso.

Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Jubilei si karamu tu. Ni mwaka wa kurudishiana: ardhi irudi kwa mwenyewe, na aliyejiuza kwa umaskini aende huru. Basi kina mama wa Kakuma, leo mbele ya Baba Paroko na kwaya yote, narudisha nilichochukua. Nisameheni. Kesho imbeni na koo zenu. Na yeyote mwenye namba ya mama yule, amfikishie maneno haya.

(*Hapa kina mama walipiga vigelegele, na msemaji akangoja.*)

Asanteni. Lakini kusamehewa si kuruhusiwa kuharibu, kwa hiyo naongeza maonyo matatu.

Onyo la kwanza: giza la uongo. Nilipokuwa kijana niliimba besi, na nilitamani kusikika kama mzee wa miaka hamsini. Nilikandamiza ulimi nyuma na kusukuma kikoromeo chini kwa nguvu. Masikioni mwangu nilikuwa simba. Kwa wasikilizaji nilikuwa mtu aliyefunikwa blanketi. Baada ya miezi michache nilikuwa nakwaruza hata nikisalimia, na Pasaka ile nilikaa benchi. Kuna kipimo rahisi. Weka kidole gumba chini ya kidevu, kwenye nyama laini, halafu imba. Ikibaki laini, uko salama. Ikiwa ngumu kama soli, ulimi unakandamiza. Acha hapo hapo. Kivuli hupatikana kwa kuachia nafasi, hakipatikani kwa kusukuma.

Onyo la pili: maneno. Mwaka jana tulipenda uzito mno, "Bwana" ikawa "Bwono" na "amani" ikawa "omono". Mzee mmoja alinishika mkono nje ya kanisa akauliza, "Mwalimu, leo mliimba lugha gani?" Nilicheka, lakini aliniumiza. Zaburi isiyoeleweka haijasomwa. Na katika nyimbo za Kiturkana na Kidinka hatari ni kubwa zaidi. Nimesema maana ya neno hutegemea shina la ulimi au pumzi. Mwalimu akiagiza irabu zote zitiwe kivuli kwa koo, anaweza kubadilisha neno bila kujua. Kwa hiyo tangu leo kanuni yetu ni hii: katika wimbo wa lugha ya mama, irabu zibaki kama wenye lugha wanavyozitamka. Tukitaka kivuli zaidi, tutakitafuta kwenye kaakaa na midomo. Na mwenye kuamua kama neno limesikika ni mwenye lugha, si mimi.

Hapa ndipo jua linapohitajika. Mwaka 1977 Mswidi Johan Sundberg alieleza kwa nini mwimbaji wa opera husikika juu ya okestra nzima bila maikrofoni. Sauti yake, ingawa ni nene, ina kilele cha nguvu karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo vyombo vina nguvu kidogo. Huo ndio mng'aro. Kesho tuna ngoma, kayamba na kinanda, na umeme unaweza kwenda. Sauti yenye kivuli bila mng'aro itazama kwenye ngoma. Fungueni koo, lakini konsonanti ziwe wazi na nyuzi zifungane vizuri, pumzi isivuje.

Onyo la tatu: maji. Hali ya hewa yetu inakausha kila kitu. Joto linapita nyuzi 35, upepo unaleta vumbi la Turkwel hapa na la Tarach kule Kakuma. Nyuzi za sauti hupenda unyevu. Maji unayokunywa hayapiti juu yake. Yanaingia tumboni, kisha mwilini, ndipo yanazifikia. Kwa hiyo anza kunywa leo jioni, usingoje dakika tano kabla ya Misa. Usiku wa leo tusipige kelele tukisherehekea. Anayemwita mwenzake ng'ambo ya laga atume mtoto. Na yeyote ambaye sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu asinywe tangawizi tu akangoja. Amwone daktari.

Tumalizie kwa mazoezi. Simameni.

Vuteni hewa kama mlioshangaa. Anzeni mwayo, usiishe. Sasa, kwa noti moja ya katikati, semeni neno hili pamoja: Mungu. Polepole. Neno hili limejaliwa "u" mbili, na "u" ni irabu yenye kivuli zaidi: midomo iko mbele, chumba ni kirefu. Tena. Sasa bila kubadilisha chumba, semeni: Baba. Msikubali "a" iwaangushie dari. Vizuri. Besi, vidole gumba chini ya kidevu. Nawaona. Mara ya tatu, nataka sauti ya pili peke yao, kina mama wa Kakuma na wa Lodwar pamoja, kwa koo zile mlizopewa nyumbani.

Mmesikia? Mimi nimesikia. Hicho ndicho nilichokuwa nikikipigia makofi miaka yote hii.

Miaka 25 tumeimba katika mazishi, harusi, ubatizo na njaa. Waliotutangulia hawakujua neno kaakaa laini, nasi tuliimba nao na watu wakafarijika. Elimu hii haitufanyi kuwa bora kuliko wao. Inatuepusha tu na kosa nililolifanya, la kumwambia mtu aache mlangoni kile ambacho Mungu alikuwa ameshampa.

Nendeni mkale. Kesho saa mbili kamili mwe mmeshavaa sare. Ejok nooi. Tumsifu Yesu Kristu!